Ulanzi Wenye Maji

Njombe,
23 Januari 1994

Kaka Hilario,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Idda na watoto, pamoja na hiyo pikapu yako ambayo nasikia siku hizi watu wa Makambako wanaisalimia kabla ya kukusalimia wewe. Sisi huku tupo. Baridi ya mwaka huu imehamia kwetu moja kwa moja, inalala ndani na kuamka nasi. Mama mkwe magoti yamemkaza ila mdomo haujapata hata mafua, na anakusalimu. Mahindi yamepiga magoti kwa mvua lakini yatasimama.

Sasa nikuulize. Jumamosi nilikuwa zamu hospitalini, na kama kawaida ya kila Jumamosi msimu wa ulanzi, hiyo pombe yenu ya mianzi, Makambako mlituletea zawadi zenu. Mmoja alikuwa Mudy, yule kijana wa mishkaki anayekaa na jiko lake mlangoni pa kilabu chako, mtoto wa Mzee Seleman mwenye malori. Mkono wa kulia umepasuliwa kiganjani, na mishipa ya vidole viwili imekatika. Nikamuuliza nani amekufanyia hivi. Akasema, "Odilo." Nikamwambia akina Odilo ni wengi. Akasema, "Odilo wa Kichiwa, mgema, mtoto wa marehemu Methodi."

Nikaendelea kushona. Ningefanyaje? Mkono wa mtu haungoji shangazi wa mkosaji atafute kiti akae.

Kwa hiyo mtoto wa marehemu kaka yetu yuko rumande hapa hapa Njombe, na habari nimepewa na aliyechomwa. Asanteni sana. Najua mna shughuli nyingi. Lakini Krismasi uliniambia, tena mbele ya padri, kwamba wewe kama kamanda wa sungusungu hapo mtaani hakuna kuku anayevuka barabara bila wewe kujua. Kilabu ni chako, wagema ni wako, na mtoto tulikukabidhi wewe tulipomzika baba yake. Basi niambie ilikuwaje. Nitakuwa na subira, nimezoea kukaa na wagonjwa.

Mdogo wako,
Asteria

*

Makambako,
10 Februari 1994

Dada Asteria,

Barua yako nimeipokea na pilipili zake zote. Sisi ni wazima. Idda anakusalimu, watoto wanasoma, au wanatoka nyumbani na madaftari, huko wanakokwenda Mungu anajua. Biashara inakwenda. Tangu watupunguze kazi kwenye ushirika wengi waliniona nimekwisha, sasa ndio hao wanaokuja kukopa kreti. Ndiyo faida ya soko huria, kila mtu anaonekana urefu wake.

Kuhusu huyo kijana. Unauliza ilikuwaje kana kwamba nilikuwepo. Sikuwepo. Nilikuwa uani nachaji betri ya gari. Nilisikia makelele, nikatoka, nikakuta damu. Vijana wangu wa sungusungu wakamfunga kamba tukampeleka kituoni, kazi imekwisha. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine ungenisifu.

Nakwambia tatizo la vijana wa leo ni moja, hawajachapwa ipasavyo. Mwezi wa kwanza tu tumewalaza wengi hapa uwanjani, viboko vya kuhesabu na vya nyongeza, na mji umetulia. Kama serikali ingenisikiliza mimi, mahakimu wote wangerudi kulima viazi.

Suala la dhamana usilitaje. Kamanda hawezi kumkamata mtu Jumamosi na Jumatatu akamdhamini, nitachekwa mpaka Songea. Odilo amenitia aibu, na akae huko ajifunze.

Nakutumia maharage kidogo kwa kondakta wa basi la asubuhi. Gunia lirudi.

Kaka yako,
Hilario

*

Njombe,
27 Februari 1994

Kaka Hilario,

Maharage yamefika na gunia linarudi. Mama mkwe amekuombea dua ndefu, nikafikiri anakuombea upadri. Hapa kwetu wazima, isipokuwa jogoo wetu ametoweka na jirani ana harufu ya mchuzi. Sisemi kitu.

Nimefurahi kusikia mji umetulia. Nitawaeleza wagonjwa wangu wa Jumamosi, maana wao hawajapata hiyo taarifa. Hao unaosema mmewachapa Januari nawafahamu, Kaka. Naijua migongo yao, migongo yenye alama zako ndiyo inayolala kitandani kwangu Februari nikiwashona mikono. Mmoja nilimuuliza kama viboko vilimsaidia. Akasema vilimsaidia, sasa haogopi tena kuumia. Hongera, Kamanda.

Unakumbuka mwaka ule wa kipindupindu, nilipopelekwa vijijini huko Wanging'ombe? Hatukumchapa mtu kwa kuhara. Tulimuuliza kila mgonjwa jambo moja la kijinga, ulichota maji wapi? Majibu yalipofanana tukakifunga kile kisima, na watu wakaacha kufa. Daktari wetu hapa alinicheka nilipomwambia nataka kuwauliza watu wa visu namna ileile. Alicheka sana, akaniruhusu.

Basi kila ninayemshona sasa namuuliza ulikuwa wapi, jua lilikuwa wapi, na kabla ya kisu mtu alisema nini. Majeraha ni ya aina moja, membamba, yamenyooka, ya kisu cha kugemea. Jua huwa linazama. Na neno linalotangulia ni lilelile, "ulanzi wako una maji."

Mahali sitakutajia. Wewe ni mpelelezi, utapata. Ila mtu mwenye kilabu, mfano tu, akipigilia misumari mlangoni, kila mgema akatundika kisu chake kabla ya kuingia, mimi Jumamosi ningeweza kulala. Na hiyo shughuli ya kuonja ulanzi wa kila mgema, inayowaacha wamelewa na visu viko kiunoni, ikifanyika chumbani, mmoja mmoja, bila hadhara, ningelala hata Jumapili.

Odilo sijaruhusiwa kumwona. Najaribu tena wiki ijayo.

Mdogo wako,
Asteria

*

Makambako,
20 Machi 1994

Kwa Daktari Bingwa wa Visu, Asteria,

Shikamoo, Daktari. Sisi wagonjwa wako wa Makambako hatujambo. Idda ana jino, watoto wana minyoo, na mimi nina homa ya kusoma barua zako. Nimewaeleza wazee hapa kwamba dada yangu amegundua kupigana ni ugonjwa. Wameuliza chanjo inachomwa begani au matakoni. Nijibu nini?

Sasa sikiliza, maana umekaa na nguo nyeupe hata umesahau ulikotoka. Kuonja tumekukuta. Babu alionja, baba alionja. Mgema analeta mbeta yake, mwanzi umejaa mpaka mdomoni, anakunywa yeye kwanza mbele ya watu tuone hajatia kitu. Kisha naonja mimi, kisha wanaonja wenzake waliotangulia, ndipo napokea. Akitia maji anaambiwa hapo hapo, wote wasikie, ili kesho aone haya. Bila hivyo wangeniletea mto Mbarali mzima nikauuze. Unataka nionje chumbani nimejifungia, kama mtu anayekula nyama Ijumaa Kuu?

Unasema wakimaliza kuonja wamelewa na visu viko kiunoni. Nani amekwambia? Haya, wamelewa. Mgema aweke kisu wapi, mdomoni? Ametoka kugema kwenye milanzi yake Kichiwa na baiskeli, anapita kwangu moja kwa moja. Wewe sindano zako unaziacha kwa jirani?

Na unasema mahali hutanitajia. Umenitajia. Mimi si mjinga. Kilabu changu si kisima cha kipindupindu, na wewe hutakifunga. Usiniandikie tena habari za misumari.

Hilario

*

Njombe,
12 Juni 1994

Kaka Hilario,

Niliandika Pasaka, hukujibu. Niliandika Mei, hukujibu. Nimeuliza posta kama Makambako bado ipo, wakasema ipo, malori yanasimama kama kawaida. Kwa hiyo naandika tena. Sisi wazima. Mama mkwe ametembea mpaka kanisani kwa miguu yake na sasa anataka kuolewa. Viazi vimetoka vizuri. Mvua zimekwisha, ulanzi umekwisha, na Jumamosi nashona watu wa baiskeli tu, nimewakosa wenu.

Odilo nimemwona, mara kadhaa sasa. Wanalala kwa zamu kwa sababu nafasi haitoshi kunyoosha miguu ya wote. Kesi inaitwa, anapelekwa, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Hivyo tangu Januari. Ulisema akae ajifunze. Anajifunza, usiwe na wasiwasi. Aliingia anajua kugema tu. Sasa anajua namna ya kufungua kufuli la duka kwa spoku ya baiskeli, kafundishwa na mtu mzima mwenye moyo wa kufundisha. Ukimwacha huko miaka mitano atatoka na digrii, na duka la kwanza atakalolifungua nadhani unalijua.

Namuuliza ilikuwaje siku ile. Ananijibu, "Nilikasirika tu, shangazi." Ulikasirishwa na nini? "Nilikasirika tu." Hakimu amemuuliza, polisi wamemuuliza, wote amewajibu hivyo hivyo. Nikadhani ni ukaidi.

Mudy huja kliniki ya mkono. Vidole viwili bado havikunjiki, anageuza mishkaki kwa mkono wa kushoto na kuiunguza. Juma lililopita, nikiwa namkanda, akaniambia bila mimi kumuuliza. Yeye hata ulanzi hanywi. Alikuwa kwenye jiko lake pale mlangoni, akacheka. Nikamuuliza ulicheka nini. Akaniambia maneno uliyoyasema wewe.

Hukuwa uani, Kaka. Hukuwa na betri. Ulikuwa umeshika mbeta ya Odilo, mvua ilikuwa imenyesha kutwa na ulanzi wa wote siku ile ulikuwa na maji ya mvua. Wengine ukawapokelea. Kwa Odilo ukataka watu waone kwamba hupendelei ndugu. Ukasema kwa sauti, "Mwizi, kama baba yako alivyokuwa." Mudy akacheka, maana watu wote walicheka, yeye akawa ndiye wa karibu.

Methodi alikuwa kaka yangu pia. Alikubeba mgongoni ulipovunjika mguu, kutoka shambani mpaka kwa mganga. Nimelia, Hilario, wodini, mbele ya wagonjwa. Hili nakwambia bila utani wowote. Yule mtoto amekaa miezi mitano sakafuni kwa sababu hataki kulitaja jina lako mahakamani.

Asteria

*

Makambako,
3 Julai 1994

Dada Asteria,

Barua imefika. Sisi wazima. Bei ya mahindi imeanguka, wanunuzi wa Dar wamekuja na mizani yao wenyewe. Pikapu imeharibika giaboksi. Vumbi ni jingi mwaka huu.

Mengine sina la kusema.

Hilario

Wifi Asteria, ni mimi Idda. Amenipa nikaipeleke posta, nikaifungua, anisamehe akijua. Barua yako niliisoma pia, ni kweli alisema. Nilikuwepo, nilikuwa nachuja. Tangu barua yako ije hali chakula vizuri, na amewaambia sungusungu watafute kamanda mwingine, yeye mgongo unamsumbua. Mgongo wake ni mzima. Usimwandikie kwa ukali sana, wala kwa upole sana, akionewa huruma huwa anapiga kelele. Jino langu liling'olewa.

*

Njombe,
29 Agosti 1994

Kaka Hilario,

Pole na giaboksi. Pole na mgongo pia, nimeusikia. Kitaalamu, mgongo wa namna hiyo huanza mdomoni na kushuka.

Sisi wazima. Jogoo amerudi, kwa hiyo nilimsingizia jirani bure na itabidi nimpelekee mayai.

Kesi ya Odilo itasikilizwa tarehe 14 Septemba, safari hii kweli, upelelezi umekamilika. Afisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani kwangu, kijana mstaarabu, akakagua mpaka kitanda. Anasema hakimu anaweza kumwachia kijana kwa masharti, akae chini ya uangalizi kwa mtu anayeaminika, badala ya kumpeleka kukamilisha masomo yake ya kufuli. Lakini hakimu ni mtu, anataka sababu. Kwenye jalada lake kuna kijana aliyemkata mwenzake mkono kwa kuchekwa tu. Basi. Kilichotangulia hakimo. Mudy yuko tayari kukieleza, ila baba yake amemkataza, Mzee Seleman anataka kifungo, na kwa mkono ule simlaumu. Wagema wenzake wanasema hawakusikia kitu, wote masikio yaliziba siku moja. Unajua wanauza ulanzi kwa nani.

Mimi siku hiyo nitakuwa zamu, sikupata mtu wa kubadilishana naye. Sikuombi kitu. Nakupa habari tu za familia, kama ilivyo kawaida ya barua.

Mdogo wako,
Asteria

*

Njombe,
18 Septemba 1994

Kaka Hilario,

Kwa hiyo ulikuja Njombe! Umefika mjini, umepita mita chache kutoka geti la hospitali, na hata chai hukunywa kwa dada yako. Mama mkwe amekasirika, alikuwa amevaa vizuri bure. Nimesikia ulikuja kutafuta spea ya giaboksi. Naona uliisaka sana, mpaka ndani ya mahakama, mpaka kizimba cha mashahidi.

Konsolata, karani wa pale, tunaimba naye kwaya, akanihadithia. Anasema aliingia mzee mmoja mwenye koti la suti na kandambili, hakuitwa na mtu, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Hakimu akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nina maneno." Wakamwapisha. Konsolata anasema uliyasema yale maneno kama ulivyoyasema siku ile, hukuyapunguza hata kidogo, ukaongeza kwamba ulanzi wa siku ile wote ulikuwa wa mvua na wewe ulijua. Kisha ukaulizwa marehemu alikuwa nani kwako, na hapo sauti ikakukatika, wakakuletea maji. Watu walidhani u mgonjwa. Odilo aliinamisha kichwa muda wote.

Kisha, anasema, Mudy akasimama huku nyuma bila kuitwa, baba yake anamvuta shati, akasema, "Na mimi nilicheka."

Hakimu amesema kisu ni kisu na kosa ni kosa, hakumwondolea. Lakini amemwachia kwa masharti, mwaka mzima chini ya uangalizi. Mpaka mwisho wa Desemba anakaa kwangu, na mvua zikianza vizuri anarudi Kichiwa kwenye milanzi ya baba yake, huku afisa akimfuatilia. Siku za gulio atamsaidia Mudy kwenye jiko mpaka vidole vipone, hayo walikubaliana wenyewe nje ya mahakama, hakimu akayaandika. Mzee Seleman hakukubali wala hakukataa, alipanda lori lake akaondoka.

Odilo amelala chumba cha uani. Alilala kutwa nzima amenyoosha miguu, sikumwamsha.

Asante, Hilario. Sasa nisikie umepata na spea.

Asteria

*

Makambako,
8 Januari 1995

Dada Asteria,

Kamwene, na heri ya mwaka. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli, na usianze kuuliza shughuli gani. Spea nilipata, tena ya Zambia. Idda ameota jino? Hapana, halioti tena, ila amezoea. Mama mkwe wako mwambie mchumba hapatikani Makambako, wote wanadaiwa.

Mvua zimekuja na ulanzi umeanza. Nasikia umewauliza watu wa basi kama nimepigilia misumari mlangoni. Nimepigilia. Idda alitaka mahali pa kutundika kanga zikinyeshewa, nikampigilia, sasa wagema nao wameona misumari, wanatundika visu vyao. Nifanyeje, niwakataze? Ni mambo ya Idda na kanga zake, wewe na kipindupindu chako hamhusiki. Kuonja nako tunaonjea chumba cha nyuma, mmoja mmoja, kijiko tu, kwa sababu hadharani kuna nzi. Mwenye maji anaambiwa sikioni. Wamezidi kupenda, hata wa Matamba wanasema wangekuja kama si mbali. Nisikie unasema kitu.

Sasa nikueleze la jana, maana utalisikia tu kwa Konsolata au kwa kondakta.

Odilo alikuja. Tangu mahakamani hatukuwahi kusemezana, siku za gulio anageuza mishkaki na Mudy pale mlangoni, nikipita anasema shikamoo kwa miguu yangu. Jana alikuja na mbeta yake ya kwanza ya msimu, kutoka kwenye milanzi ya Methodi. Akatundika kisu msumarini, wa kwanza kabisa mlangoni. Nikamwonyesha chumba cha nyuma. Hakwenda. Akasimama katikati ya kilabu, kilabu kimejaa, Jumamosi, akasema, "Baba Mdogo, wa kwangu uonje hapa hapa. Waliosikia mwaka jana wapo."

Mudy aliacha mishkaki ikaungua. Idda akanitazama kwa yale macho, unayajua.

Akanywa yeye kwanza, kama ilivyo kawaida, lakini alilowesha midomo tu. Akanipa. Asteria, usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha kama imetumwa. Ule ulanzi ulikuwa maji. Nimeonja miaka yangu yote na sijawahi kunywa kitu chepesi namna ile, ningeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Nikaona anavyonitazama, na macho ni ya Methodi yale, hata namna ya kufinya moja. Nikanywa karibu nusu mbeta, nikafuta mdomo, nikasema kwa sauti ileile ya mwaka jana, waliokaa mpaka barabarani wasikie:

"Mtamu. Kama wa baba yako."

Hakuna aliyecheka. Odilo akaichukua mbeta mkononi mwangu, akanywa kilichobaki, safari hii akanywa kweli, akakunja uso, akanisogelea sikioni.

"Baba Mdogo," akasema, "mbona huu una maji?"

Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu, watu wanasikia."

Kaka yako,
Hilario